Kitabu cha Jani na Mimea Inayokilinda

Huko Sri Lanka huota mti wa jamii ya mnazi ambao hutoa maua mara moja tu maishani mwake. Wenyeji huuita tala. Kwa wataalamu wa mimea ni Corypha umbraculifera. Hukua taratibu kwa miaka 30, 40, mingine hata 80, ukapanda hadi mita 25, na jani lake moja laweza kufikia upana wa mita 5, likatosha kuwakinga watu kadhaa na mvua. Kisha mwaka wake hufika. Kileleni huchomoza shada moja refu la maua yanayohesabiwa kwa mamilioni. Hakuna mmea mwingine duniani wenye shada la matawi linalolifikia kwa ukubwa. Matunda huchukua karibu mwaka mzima kukomaa. Yakishaanguka, mti hukauka ukafa.

Majani ya mti huu ndiyo yaliyokuwa kurasa za Sri Lanka kwa karne nyingi. Tarehe za kale za kisiwa hicho zinasimulia kwamba katika karne ya 1 kabla ya Kristo, zama za mfalme Valagamba, watawa wa Kibudha walikusanyika Aluvihare, karibu na Matale, wakayatia katika maandishi mafundisho ambayo hadi wakati huo yalihifadhiwa vichwani kwa kukariri. Ng'ambo ya bahari, kusini mwa India na upande wa Odisha, kazi hiyohiyo ilifanywa zaidi kwa majani ya Borassus flabellifer, ndugu wa karibu wa mvumo wetu wa Afrika Mashariki, Borassus aethiopum. Dini, sheria, hesabu, unajimu, tiba, hadithi na mashairi ya nchi hizo vyote vilipitia kwenye jani kabla ya kufika kwenye karatasi.

Watu wengi wakiviona vitabu hivi nyuma ya kioo cha makumbusho, husifu mwandiko. Mwandiko unastahili sifa. Lakini mimi ninachokistaajabia zaidi ni ujuzi uliotangulia mwandiko: ujuzi wa mimea. Kitabu cha jani hakikuwa kazi ya mti mmoja. Mti mmoja ulitoa ukurasa, mwingine uliusugua ukang'aa, mwingine ulitoa weusi wa wino, mwingine ulifuta wino uliozidi, na mingine mingi ilisimama ulinzi kwa mamia ya miaka dhidi ya mende, mchwa na ukungu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mmea mmoja hautengenezi kitabu.

Kazi huanza kwa kuchagua jani, na hapo ndipo fundi asiye makini huharibu kila kitu. Jani lililokwisha kufunguka halifai. Jua limeshalikausha na upepo umeshalipasua. Linalotakiwa ni jani changa lililo bado limefumba, limesimama wima katikati ya mti kama mkuki. Mwanamke wa Pemba anayesuka mikeka atalielewa jambo hili bila kuelezwa, kwa sababu naye ukindu wake huutoa katika chipukizi la mkindu lisilofunguka, akauanika, akauchana, kisha akauchemsha. Jani likishakatwa, vipande vyake hutenganishwa kimoja kimoja, uti wa katikati ya kila kipande hutolewa, na utepe laini unaobaki huviringwa mizingo mizingo.

Kisha mizingo hiyo hutiwa katika chungu kikubwa ikachemshwa kwa saa nyingi. Moto hufanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: hulainisha nyuzi za jani ili lisivunjike likikunjwa, na huondoa maji matamu yaliyomo, ambayo ndiyo chakula ambacho wadudu hukifuata. Nchini India mafundi huongeza manjano, yaani bizari ileile tunayotia kwenye mchuzi, kwa sababu wamejua tangu zamani kwamba wadudu na ukungu haviipendi. Baada ya hapo tepe huanikwa juani mchana na kuachwa nje usiku zipate umande, zikauke bila kukakamaa. Jua peke yake lingezifanya ziwe ngumu na kuvunjika. Umande huzirudishia unyevu kidogo kidogo, na mkauko wake huwa wa polepole.

Hapo jani limekuwa jeupe kwa mbali, lakini bado lina mikwaruzo. Sasa fundi wa Sri Lanka huhitaji mti wa pili, nao ni mpopoo, uleule unaozaa popoo za kutafunwa kwa tambuu. Shina la mpopoo ni jembamba, limenyooka, tena likishakwanguliwa huwa laini sana. Gogo lake hutengenezwa likalazwa, kisha utepe hupitishwa juu yake na kuvutwa huku na huku, huku na huku, ukiwa umekazwa sawasawa. Mikunjo hunyooka, uso wa jani hulainika, na mng'ao hutokea ambao hautokani na rangi wala mafuta, bali na msuguano peke yake. Jani lililofikia hatua hii ndilo linaloitwa puskola. Nyuzi zake hazionekani tena kwa jicho, ingawa mwandishi atazikuta kwa ncha ya kalamu yake.

Kurasa hukatwa zilingane, kwa kawaida upana wa sentimita 5 hadi 7 na urefu kulingana na kitabu chenyewe. Huwekwa pamoja zikabanwa, zikatobolewa matundu kwa chuma cha moto, na kingo zake huunguzwa kidogo kwa chuma hichohicho ili zote ziwe sawa. Uzi wa pamba hupitishwa katika matundu, na mbao mbili ngumu hufunika juu na chini. Mbao za vitabu vya kifahari vya Sri Lanka zilipakwa rangi na kuchorwa maua na matawi yanayotambaa, nyekundu, njano na nyeusi.

Uandishi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwandishi wa jadi hakuwa na meza. Alikaa, akaliweka jani kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, na katika mkono wa kulia akashika kalamu ya chuma yenye ncha kali, ambayo kwa Kisinhala huitwa panhinda. Wengine walikata kijimfereji kwenye ukucha wa kidole gumba cha kushoto, kalamu ikaegemea hapo, na gumba hilo ndilo lililoiongoza. Hakuandika kwa wino. Alichonga. Ncha ilipaswa kukata ngozi ya juu ya jani tu, isizame, maana upande wa pili nao utaandikwa. Na herufi alizozichonga hazikuwa na rangi yoyote: alikuwa akiandika mistari hafifu isiyoonekana vizuri, mkono ukijua zaidi kuliko jicho. Alipokosea hakukuwa na cha kufutia.

Hata umbo la herufi lilitii jani. Wataalamu wengi wa maandishi wanaeleza kwamba uduara wa herufi za Kisinhala, na za lugha kadhaa za kusini mwa India na za Burma, ulikuzwa na tabia ya majani haya. Nyuzi za jani zimelala kwa urefu wake. Ukivuta mstari mrefu ulionyooka kwa ncha ya chuma, unafuata nyuzi hizo na jani linapasuka. Ukizunguka, unazikata nyuzi kwa mshazari na jani linabaki zima. Kwa hiyo mtoto wa Colombo anayejifunza leo kuandika jina lake kwenye daftari la mistari bado anazungusha mkono kama alivyouzungusha mchongaji wa majani.

Mchongo ukikamilika, huja saa ya wino, na hapa mimea mitatu hukutana kwenye ukurasa mmoja. Wa kwanza ni gaduma, Trema orientalis, mti unaowahi kuota kwenye mashamba yaliyoachwa, ambao upo hata Afrika Mashariki. Wapo wanaouita mpesi. Makaa yake husagwa yakawa unga mweusi laini sana. Wa pili ni mti wa hal, Vateria copallifera, usiopatikana kiasili popote isipokuwa Sri Lanka. Hutoa utomvu mgumu wa jamii ya sandarusi, nao mafuta yake huchanganywa na unga wa makaa. Fundi huupaka mchanganyiko huo juu ya ukurasa mzima, na kwa muda kitabu chote huwa cheusi, kana kwamba kazi ya wiki nzima imeharibika. Kisha huchukua mmea wa tatu: unga wa ulezi, au pumba za mchele, akasugua. Unga hubeba weusi wote uliobaki juu, lakini hauwezi kuingia katika mifereji myembamba iliyochongwa. Uso wa jani hurudia rangi yake, na herufi husimama nyeusi, zimesomeka kwa mara ya kwanza tangu zilipoandikwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kutua kidogo kwenye ulezi huo. Nafaka hii ilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikiwemo za Ethiopia na Uganda, na ikavuka bahari kwenda Asia ya Kusini maelfu ya miaka iliyopita. Nafaka tunayoisaga kwa uji wa wazazi na watoto ndiyo iliyofuta kurasa za watawa wa Sri Lanka.

Na bado kitabu hakijamaliza kuhitaji mimea. Tuseme kweli, safari ngumu ndiyo kwanza inaanza. Nchi hizi zina joto na unyevu karibu mwaka mzima, na jani, hata likiandaliwa vizuri namna gani, ni jani. Hukauka likavunjika, hutobolewa na wadudu, huota ukungu, kurasa hugandamana. Mafundi walilijua hilo, wakajenga desturi nzima ya ulinzi.

Mfano mzuri uko Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu, kwenye maktaba ya Saraswati Mahal. Ilianzishwa na wafalme wa Nayak katika karne ya 16 na kukuzwa sana na Serfoji II, aliyetawala kuanzia 1798 hadi 1832. Humo hutumika dawa ya jadi inayofungwa katika vijifuko vya kitambaa na kuwekwa kati ya miswada. Ndani yake mna unga wa kizizi cha vasambu, mmea wa kando ya maji wenye harufu kali, pamoja na pilipili manga, karafuu, mdalasini, bizari nyembamba na vipande vya kafuri. Harufu ikififia, kifuko hubadilishwa. Dawa hiyo haiachi doa kwenye jani.

Majani ya mwarobaini nayo hukaushwa yakapangwa makabatini. Sayansi ya leo imeyachunguza mengi ya haya na kukuta kwamba wazee hawakubahatisha. Mwarobaini una azadiraktini, ambayo huwafanya wadudu waache kula na huvuruga ukuaji wao. Karafuu ina eujenoli, inayofukuza wadudu na kuzuia ukungu. Karafuu yenyewe ina historia inayotugusa: mikarafuu iliingia Zanzibar katika karne ya 19, na tangu hapo India imekuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa, kiasi kwamba wafanyabiashara na wanasiasa wa India walipoisusia mwaka 1937, uchumi wa visiwa ulitikisika.

Kisha kuna mchaichai. Mafuta yanayokamuliwa kutokana na majani yake ndiyo tiba inayotumiwa sana na maktaba za kusini mwa India kwa jani lililokauka. Mhifadhi kwanza hupangusa vumbi kwa brashi laini. Halafu huchovya pamba kwenye mafuta, akaipitisha juu ya jani kwa mkono mwepesi, kwa urefu wa nyuzi, kamwe si kwa kuzikata. Jani hurudishiwa ulaini, harufu ya sitrali huwafukuza wadudu, na kama herufi zimefifia, masizi huchanganywa humohumo yakapakwa upya na kufutwa. Mafuta yakizidi, jani hunata na kukamata vumbi, kwa hiyo ubora wa kazi uko katika kujua wakati wa kuacha.

Nyumba za kawaida hazikuwa na maktaba, lakini zilikuwa na jiko. Familia nyingi za Sri Lanka na India ziliviweka vitabu vyao juu ya moshi wa jiko, ambako hewa ni kavu na wadudu hawakai. Kitabu kilikaa jirani na chakula cha kila siku, kikaonwa, kikasogezwa, kikafunguliwa. Na kufunguliwa ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Kurasa zinazosomwa hupata hewa, hazigandamani, na mdudu aliyeingia huonekana mapema. Kitabu kisichosomwa ndicho kinacholiwa.

Hata hivyo, katika tabia ya nchi kama hiyo jani halidumu milele. Vitabu vingi huishi karne chache tu. Vilivyodumu zaidi vilikaa kwenye baridi: Chuo Kikuu cha Cambridge kina mswada wa majani kutoka Nepal wa mwaka 828. Kusini, njia ya kudumu ilikuwa moja, kunakili. Kila vizazi kadhaa mtu alikaa na jani jipya, akachonga upya yote yaliyoandikwa kwenye jani la zamani. Kizazi kimoja kilipoacha kunakili, kitabu kilikufa.

Nusura hilo litokee kwa fasihi ya kale ya Kitamil. U. V. Swaminatha Iyer, aliyezaliwa 1855, alizunguka vijiji na nyumba za watawa akitafuta majani yaliyosahaulika, akayalinganisha na kuyachapa. Utenzi wa Silappatikaram ulitoka kwenye mashine mwaka 1892, na mkusanyo wa mashairi wa Purananuru mwaka 1894. Mwaka 1905 huko Mysore, R. Shamasastry alikuta katika rundo la majani kitabu cha Arthashastra, maandishi makuu ya kale ya India kuhusu utawala, ambayo wasomi walikuwa wakiyajua kwa kutajwa tu. Kwa upande mwingine, mwaka 1981 maktaba ya Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, ilichomwa moto ikiwa na vitabu takriban 97,000 pamoja na miswada ya majani isiyokuwa na nakala. Jani linaloweza kushinda mchwa kwa miaka 300 haliwezi kumshinda mtu mwenye kiberiti.

Leo kazi hii haijafa. Wanajimu wa Sri Lanka bado huandika nyota za watoto kwenye puskola. Katika kijiji cha Raghurajpur, Odisha, wachoraji huchonga picha za hadithi za kale kwenye majani na kuishi kwa kuziuza. India ilianzisha mpango wa kitaifa wa miswada mwaka 2003, na mwaka 2023 UNESCO iliingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mswada wa majani wa Mahavamsa, tarehe kuu ya Sri Lanka, unaotunzwa katika Chuo Kikuu cha Peradeniya. Kuna pia jambo linalonifurahisha mno: sehemu kubwa ya vitabu hivi ni vya tiba za asili. Yaani mimea ilibeba elimu ya mimea, na mimea mingine ikailinda.

Ukiirudia orodha, utaona kwamba sehemu yake kubwa imo katika nyua na masoko yetu: mpopoo, ulezi, manjano, karafuu, mdalasini, mwarobaini, mchaichai. Mimea hiyo ilifanya kazi hii kwa sababu palikuwa na watu walioitazama muda mrefu, wakajua kila mmoja una nguvu gani na kikomo gani, wakawafundisha wana wao.

Pwani yetu haikuandika kwenye majani. Iliandika kwenye karatasi, kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua na elimu ya dini. Mengi ya maandishi hayo bado yamo masandukuni, Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na kwingineko. Kwa hiyo nina ombi kwa aliyerithi sanduku kama hilo. Usipake mafuta ya mchaichai wala mafuta mengine yoyote: yanafaa kwa jani, lakini karatasi yataiharibu. Fanya lile ambalo wahifadhi wa majani walilifanya kabla ya dawa zote. Lifungue sanduku. Zitoe karatasi mahali pakavu pasipo jua kali, pangusa vumbi kwa brashi laini, zitenge na ukuta wenye unyevu, zipige picha ukurasa baada ya ukurasa, na zilizoharibika zipeleke kwa wataalamu wa nyaraka kabla hujajaribu kuzitengeneza mwenyewe. Halafu mtafute mtu anayeweza kuzisoma, mkae, mzisome.